Wokovu wa Marehemu na Mwenye Maturubai

Swali la kama Mkristo aliyeokoka anaweza kuupoteza wokovu wake ni halali mtu anapojiuliza juu ya nafsi yake, na ni uporaji wa mamlaka mtu mwingine anapolijibu mbele ya jeneza. Msimamo huo unawekwa wazi mapema ili msomaji asiyeupenda ahamie kurasa za michezo. Mafundisho yanayogongana hapa ni mawili. La kwanza, linaloitwa kudumu kwa watakatifu, hudai kwamba aliyezaliwa mara ya pili kwelikweli atalindwa na Mungu hadi mwisho hata akijikwaa njiani. La pili hushikilia kwamba neema hupokewa kwa hiari na inaweza kukataliwa kwa hiari hiyo hiyo, na anayeikataa ndiye ambaye makanisa ya Afrika Mashariki humwita aliyerudi nyuma.

Wiki hii mafundisho yote mawili yalihubiriwa na mtu mmoja katika ibada moja ya mazishi.

Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu, Mwanglikana, aliyeokoka ujanani miongoni mwa ndugu wa uamsho, yaani ile harakati ya toba iliyochipuka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Katika miaka yake ya mwisho, baada ya kupooza upande mmoja, aliacha kuhudhuria mikutano ya ndugu, na mara kadhaa alionekana kwenye benchi la duka akiwa na chupa ambayo haikuwa ya soda. Binti yake aliposoma wasifu hakulitaja benchi, na hakuna mwombolezaji aliyelalamika kwamba amenyimwa habari hiyo.

Ndipo akasimama mhubiri mgeni, wa ile jamii ambayo wasomaji wa siku nyingi wa safu hii wanaijua kwa jina la Mheshimiwa Kipaza Sauti, mwenye leso begani na fundi mitambo wake mwenyewe. Akafungua Waebrania 6:4–6, panaposemwa kwamba haiwezekani kuwarejesha kwenye toba watu walioijua neema kisha wakaiacha, akatangaza kwamba mwalimu alianza vizuri lakini hakumaliza, na kwamba waliohudhuria wasidanganyane kwa nyimbo za kuonana ng'ambo. Mjane, aliyekuwa ameketi hatua chache kutoka hapo, alisikia hukumu ya mumewe ikitolewa kwa spika nne na mwangwi wa kilima.

Baadaye zikaja shukrani. Maturubai, viti na ng'ombe wawili vilikuwa vimetolewa na mfadhili ambaye jina lake lilitajwa mara nyingi kuliko la marehemu, na ambaye wakulima kadhaa waliokalia viti hivyo wanamdai malipo ya mazao ya msimu uliopita. Mhubiri yule yule alimwombea kwa kirefu, akakiri kwamba wanadamu husema mengi, kisha akahamia Yohana 10, ambapo Yesu anawahakikishia kondoo wake kwamba hakuna atakayewanyang'anya kutoka mkononi mwake. Kwa hiyo mgonjwa aliyeonekana na chupa alikuwa ameanguka bila kurejea, ilhali mdaiwa mwenye maturubai alikuwa amelindwa milele, na kati ya hukumu hizo mbili hapakuwa na tofauti yoyote ya kiteolojia isipokuwa ng'ombe.

Inaudhi zaidi kwa sababu waliolishughulikia jambo hili kwa kina walikuwa waangalifu. Augustino wa Hippo, ambaye watetezi wa kudumu kwa watakatifu humtegemea kuliko mwingine yeyote kati ya mababa wa Kanisa, aliandika kuelekea mwisho wa maisha yake kwamba hakuna anayeweza kuwa na hakika kwamba amepewa kipawa cha kudumu maadamu bado yu hai. Wafuasi wa Jacobus Arminius huko Uholanzi, ambaye leo jina lake limekuwa lebo ya kila asemaye kwamba wokovu hupotea, walipotoa tamko lao la mwaka 1610 walisema katika kifungu cha tano kwamba suala hilo lahitaji kuchunguzwa zaidi katika Maandiko kabla ya kufundishwa kwa uhakika. Uangalifu huo haukuwasaidia: Sinodi ya Dordrecht, iliyokutana mwaka 1618 hadi 1619, iliwakataa, na Johan van Oldenbarnevelt, mwanasiasa mkongwe aliyewakingia kifua, alikatwa kichwa huko The Hague tarehe 13 Mei 1619 akiwa na umri wa miaka 71, ingawa rasmi alishtakiwa kwa uhaini. Mheshimiwa Kipaza Sauti angepata kazi nzuri Uholanzi.

Tena ibada ilifanyika katika uwanja wa kanisa la Kianglikana, ambalo lina neno lake kuhusu jambo hili. Katika Vifungu 39, ambavyo ni muhtasari wa imani wa Kanisa la Uingereza uliorithiwa na Waanglikana wengi, kifungu cha 16 kinakiri kwamba mtu aliyempokea Roho Mtakatifu anaweza kuiacha neema na kuanguka dhambini, kinaongeza kwamba kwa neema ya Mungu anaweza kuinuka tena, kisha kinawalaani wanaowanyima nafasi ya msamaha wale wanaotubu kwa kweli. Kama mwalimu alitubu usiku fulani kitandani, upande mmoja wa mwili ukiwa hauna nguvu, hilo halikuwa na njia ya kumfikia mhubiri aliyewasili asubuhi hiyo kwa gari la kukodi. Ndugu wa uamsho, ambao nao hawakuwa wageni wa kunyoosheana vidole, angalau walikuwa na utaratibu wa kuanza na dhambi zao wenyewe, wakizitaja hadharani na kurudisha vilivyoibwa. Mhubiri huyu hakutaja hata moja ya kwake.

Wachungaji wanaowaalika wahubiri wa namna hii wanaweza kuwapa sharti moja tu: anayetaka kutangaza ni nani aliyepoteza wokovu aanze na walio hai, wanaoweza kumjibu, na katika orodha hiyo mwenye maturubai atajwe kabla ng'ombe hawajachinjwa.