Makumbusho na Wenzetu Wasioona

Mgeni aingiapo katika jumba la makumbusho amezoea kukutana na kibao chenye amri: usiguse. Kwa mwenye macho hilo ni jambo dogo. Lakini mwanafunzi asiyeona wa Matamba, wilayani Makete, akisafirishwa mwendo wote huo hadi Dar es Salaam kuzuru makumbusho, atarudi nyumbani na nini, ikiwa vidole vyake, ambavyo ndivyo macho yake, vimepigwa marufuku?

Wenzetu wa Hispania walikwisha kulijibu swali hili. Mjini Madrid, shirika la wasioona liitwalo ONCE lilifungua mwaka 1992 makumbusho ambamo mgeni hualikwa kupapasa. Mna mifano ya majengo mashuhuri ya dunia, kazi za wasanii wasioona, na zana za kusomea na kuandikia za tangu zamani. Huko Coupvray, Ufaransa, imehifadhiwa nyumba alimozaliwa Louis Braille mwaka 1809. Katika karakana ya baba yake, fundi wa ngozi, mtoto huyo alijichoma jicho akiwa na umri wa miaka mitatu, na hatimaye akapofuka yote mawili. Mwaka 1829 alichapisha hati ya nukta sita, ambayo sisi twaiita nukta nundu.

Je, sisi hatuna historia ya namna hiyo? Tunayo. Shule ya Wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1950. Vibao vya kutobolea karatasi, mashine za Perkins zilizopigwa hata vitufe vikalegea, vitabu vinene ambavyo nundu zake zimelala kwa kusomwa: vitu hivi visipokusanywa vitaishia jalalani. Na vyuo vya Kurani vya mwambao vimewalea wasioona waliohifadhi kwa kusikiliza tu. Sauti zao nazo zinastahili kuwekwa.

Watakuwapo wa kusema kuwa vitu vya kale huharibika kwa kushikwa. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kutengeneza mifano. Mafundi hatujapungukiwa. Wafinyanzi wa Kikisi wa Ziwa Nyasa wangeweza kumfinyangia mtoto wa Matamba umbo la milima ya Kitulo, ambayo yeye huijua kwa baridi yake tu. Naye mwenzake wa Micheweni, Pemba, apewe mfano wa mtepe, apapase mishono ya kamba iliyofanya kazi ya misumari.

Hili si jambo la sadaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unayataja makumbusho waziwazi katika kifungu cha 30. Basi maofisa wa mambo ya kale, Bara na Visiwani, wasingoje fedha za jengo jipya. Waanze na chumba kimoja. Na katika kamati ya kuchagua vitu wakae wasioona wenyewe, wasiwe watu wa kualikwa kila tarehe 15 Oktoba, Siku ya Fimbo Nyeupe, kusikiliza hotuba na kupiga makofi.