Uvimbe wa bongo kwa watoto: kutazama kwa jicho haitoshi

Mwezi wa nane 2025, Marekani iliruhusu dawa moja, dordaviprone, kwa watoto na wakubwa wenye aina moja mubaya sana ya uvimbe wa bongo, kama ugonjwa unaendelea hata kisha matunzo mengine. Lakini kuko sharti: laboratware ionyeshe kwanza kwamba chembe za uvimbe ziko na badiliko linaloitwa H3 K27M. Bila ile testi, dawa haitolewi. Sisi watu wa Kolwezi na Likasi, habari hii inatuhusu namna gani?

Kila muchimbaji anajua: mawe mawili yanaweza kufanana rangi, lakini kwenye depo mashini inatoa teneur mbalimbali, na bei inafuata teneur. Uvimbe wa bongo ni vile vile. Zamani munganga alitazama kipande kwa mikroskopi tu, akatoa jina. Leo wanasoma pia jeni, ni kusema maagizo yenye kuandikwa ndani ya kila chembe. Tangu 2021, kitabu cha OMS kinaomba vile kwa aina nyingi za uvimbe wa watoto.

Tuangalie medulloblastoma, inayoota nyuma ya kichwa. Jeni zinaigawanya katika vikundi vine. Katika kikundi cha WNT, watoto zaidi ya 9 juu ya 10 wanapona kama wanatunzwa vizuri. Kikundi cha 3 ni kigumu zaidi. Mionzi mingi inaharibu akili ya mutoto anayekomaa. Kidogo sana inaacha ugonjwa urudie. Ndiyo maana jina la kweli ni la lazima. Waganga wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha katika 2018 kwamba testi ya namna hii ilibadilisha jina la ugonjwa kwa wagonjwa karibu 12 juu ya 100.

Mutasema: hayo ni mambo ya Wazungu, bei kali. Si yote. Kwa H3 K27M, kuko rangi maalumu ya kutia kwenye kipande, kisha mikroskopi ya kawaida inaonyesha. Na kipande chenye kutunzwa vizuri katika parafini kinaweza kutumwa mbali, hata kisha miezi. Kikitupwa, mambo yameisha. Muzazi, kisha operasyo uliza: kipande kiko wapi, na matokeo yameandikwa?

Kode ya mines ya 2018 inaomba kila kampuni itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Katika cahier des charges tunaandika masomo, visima, lopitali. Tuandike pia laboratware ya kusoma vipande, na munganga wa kuisimamia. Lopitali isiyo nayo inafanya kazi kama depo isiyo na mashini.

Na nyumbani: mutoto anayeumwa kichwa na kutapika kila asubuhi, anayeyumba akitembea, ao macho yanaanza kwenda upande, musimupe dawa ya malaria mara ya tatu. Mumupeleke kwa munganga, muombe skaneri.