Makao Makuu na Majirani Zake

TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, hoja haikuwa tu kwamba ni katikati ya nchi. Ilikuwa pia kulivuta bara, ambalo ukoloni uliliacha nyuma. Ilipita zaidi ya miaka 40 hadi Rais Magufuli alipotoa agizo Julai 2016, ndipo Serikali ikahama kweli. Leo tuna Mji wa Serikali Mtumba, tuna treni ya umeme, tuna Jiji. Pengo la maendeleo nalo limehama. Zamani tuliilalamikia Dar es Salaam. Siku hizi wilaya za Chemba, Bahi na Mpwapwa zinalitazama Jiji la Dodoma.

Mkulima wa zabibu wa Chinangali, wilayani Chamwino, wilaya hiyohiyo yenye Ikulu, hahitaji takwimu kuliona pengo hilo. Zabibu ikiiva haisubiri mtu. Wanunuzi wakisuasua anaikamua, anahifadhi mchuzi kwenye matangi, kisha anangoja bei ya wenye viwanda. Barabara inayopita karibu naye ina magari ya Serikali tangu alfajiri.

Dodoma ni kame, lakini pengo hili halitokani na ukame pekee. Sehemu yake tumeipanga wenyewe. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri, ila Jiji linaloingiza fedha kwa viwanja na leseni linakopesha kwa mabilioni, na wilaya inayotegemea ushuru wa alizeti na minada ya mifugo inakopesha kidogo. Mwenye nacho huongezewa.

Na kura, je, haziwezi kuliziba pengo hili? Husemwa kwamba mikoa maskini huichagua CCM kwa mazoea. Sikubali. Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, ni kavu kama Bahi, lakini jimbo lake la Singida Mashariki lilimchagua Tundu Lissu wa CHADEMA mwaka 2010, likamrudisha 2015. Tatizo la Dodoma ni kuitwa ngome: chama tawala hakina haja ya kuibembeleza, na wapinzani hawaoni sababu ya kuchoma mafuta kuifuata.

Bunge la bajeti hukaa hapa hapa, Aprili hadi Juni. Wabunge wetu hawana hata kisingizio cha nauli. Waanze na hiyo asilimia 10: sehemu yake iingie mfuko mmoja wa taifa, igawiwe kwa idadi ya watu na hali ya mvua, si kwa wingi wa viwanja vilivyouzwa.