Karavani Si Nyumba ya Wageni

Kwenye kipindi mlicheka sana niliposema tumenunua karavani. Hamkucheka kama mama yangu. "Yaani mnalipa pesa mkalale nje, na nyumba mnayo?" Siku mbili baadaye akapiga simu tena: "Hivyo ina vitanda vingapi? Mimi na mamako mdogo tutapata nafasi?"

Basi hapo ndipo wengi wetu tunapoponzeka. Sisi tumelelewa hivyo, hununui kitu cha familia bila kumfikiria mgeni. Nyumba ya wazazi wangu Milton Keynes ina vyumba vitatu, na sikumbuki wiki ambayo sebuleni hapakuwa na mtu amelala. Ni tabia nzuri, nami naipenda. Ila ukienda nayo kuchagua karavani, utanunua kubwa kuliko gari yako inavyoweza kuvuta, na watoto wako ndio watakaokuwa kiti cha nyuma.

Msimamo wangu ni huu: nunua ya kuwatosha wanaolala kwako kila siku. Basi.

Tatizo ni kwamba sheria haitakuzuia. Tangu Desemba 2021, hapa Uingereza hata sisi tuliopata leseni baada ya 1997 tunaruhusiwa kuvuta trela la mpaka kilo 3,500 bila mtihani mwingine. Lakini leseni kukuruhusu si sawa na gari yako kuweza. Wanaoanza hushauriwa karavani ikiwa imejaa mizigo isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Gari yetu ina kilo 1,500, kwa hiyo mwisho wetu ni kilo 1,275. Ile ya watu sita tuliyoipenda, yenye makochi mazuri na choo kipana, ilikuwa kilo 1,500 ikijaa. Mume wangu akasema, "Tutaendesha polepole." Mi nikakubali, maana nilishawaahidi watu vitanda.

Kilichotuokoa ni kwamba tulikodi kwanza, karavani ndogo, wikiendi moja. Nikapakia kama naenda harusini: sufuria kubwa, mchele kilo 10, friji ya barafu, maji. Vyote nikavisukuma nyuma kabisa, chini ya vitanda vya watoto. Kwenye motowei lori likatupita, na karavani ikaanza kuyumba, kushoto, kulia, ikaivuta na gari. Mtoto wa miaka mitatu akalia, yule wa saba akanyamaza kimya, na huo ukimya ndio ninaoukumbuka. Mume wangu akaachia mafuta, akashika usukani sawasawa bila kukanyaga breki, mpaka ikatulia. Makosa yalikuwa yangu. Mizigo mizito inakaa chini, usawa wa magurudumu, si mkiani.

Toka siku hiyo naanza na hesabu. Toa uzito wa karavani tupu kwenye uzito wa juu inaoruhusiwa, kinachobaki ndicho chako. Yetu ni 1,250 kutoa 1,100, yaani kilo 150. Humo mna mtungi wa gesi, hema la mlangoni, matandiko, nguo, vyombo na baiskeli za watoto. Lita 40 za maji ni kilo 40, kwa hiyo maji tunajaza tukifika. Sasa mwongeze shangazi na masanduku yake.

Cha pili angalia vitanda, na usihesabu tu viko vingapi. Karavani nyingi zinasema "watu wanne" kwa sababu meza inageuzwa kitanda. Watoto wangu wanalala saa moja na nusu usiku. Kitanda chao kikiwa ndiyo meza, sisi wawili tunabaki kukaa nje kwenye mvua au kulala nao muda huohuo. Tafuta yenye kitanda cha dabodeka cha kudumu na pazia lake. Cha juu kiwe na kizuizi, na asilale mtoto wa chini ya miaka 6.

Najua wapo watakaosema ubahili huu ni uzungu, kwamba tunawafungia wazee mlango. Hapana. Kumkaribisha mtu si lazima umlaze kwenye godoro la inchi tatu, magoti yakimuuma, choo kikiwa hatua mbili kutoka kichwani kwake.

Kiangazi tulikwenda Pembrokeshire. Mama tulimkodia chumba karibu na kambi, chenye bafu lake. Kila asubuhi alikuja na chai kwenye chupa, anakaa mlangoni kwa karavani, watoto wanamzunguka wakimwomba hadithi. Ikifika jioni anasema, "Haya, mimi narudi kwangu."

Suala la vitanda hajaliuliza tena. Anachouliza ni lini tunakwenda.