Mkulima aliyeishinda sheria ya Bunge

Hapa Gitting, chini ya Mlima Hanang, kuna maneno ninayoyasikia mno mbele ya baraza letu la ardhi la kijiji: "Sheria imeshapitishwa Dodoma, sasa utapinga nini?" Yakishatamkwa hayo, mwenye shida hunyanyuka na kwenda zake. Mimi ni mjumbe wa baraza hilo na maneno hayo siyakubali. Aliyewahi kuipinga sheria ya Bunge mpaka mwisho alikuwa mkulima wa huku huku kwetu.

Vijana waliosoma hupenda kunieleza habari za Marekani: katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787, nyongeza kumi za haki za mwaka 1791, ya tano ikikataza serikali kutwaa mali ya mtu kwa matumizi ya umma bila fidia ya haki, na kesi ya Marbury dhidi ya Madison ya mwaka 1803, iliyoweka wazi kwamba sheria ya Bunge ikigongana na katiba, katiba ndiyo inayosimama. Ni elimu nzuri. Kinachonisikitisha ni kwamba vijana hao hao hawamjui Lohay Akonaay.

Akonaay na mwanawe Joseph walikuwa wakulima wa kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, enzi hizo wilaya ya Mbulu, leo Karatu. Januari 1987 walifungua kesi Arusha kudai shamba la familia walilolimiliki kimila, wakashinda. Rufaa ikiwa bado mahakamani, Bunge likatunga Sheria Namba 22 ya mwaka 1992, iliyolenga kufuta haki za kimila katika ardhi iliyogawiwa wakati wa Operesheni Vijiji na kuzima kesi za aina ile. Baba na mwana hawakukaa kimya. Walikwenda Mahakama Kuu mbele ya Jaji Eusebia Munuo, wakaishtaki sheria yenyewe, wakashinda tena. Serikali ikakata rufaa, na Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatamka kuwa haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Vinginevyo, mahakama iliona, wakazi wengi wa Tanzania Bara wangekuwa kama wavamizi ndani ya nchi yao. Kifungu kilichofunga mlango wa mahakama kikatangazwa batili.

Sisi wa Hanang tunajua hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Wanakijiji wa Mulbadaw walilishtaki shirika la NAFCO, lililokuwa likilima ngano kwa msaada wa Kanada kwenye ardhi waliyosema ni yao. Walishinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu: hawakuwa wamethibitisha kuwa wao ni wenyeji! Orodha ya haki ilikuwa imeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 tu, na hakuna aliyeweza kuidai mahakamani mpaka Machi 1988. Akonaay alipita kwenye mlango ambao wa Mulbadaw hawakuwa nao.

Ndiyo maana mlango huo nauonea wivu. Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha sheria ya mashauri ya haki za msingi, ikawa anayefungua shauri lazima aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Wanaoitetea wanasema inazuia wadandiaji wa kesi, na kwamba hata Marekani mlalamikaji huonyesha alivyoumia. Ni kweli. Lakini kule chama huweza kusimama kwa niaba ya wanachama wake walioumia, na Katiba yetu, Ibara ya 26, inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda.

Namfikiria mjane aliyefika barazani kwetu baada ya kuambiwa sehemu ya shamba lake inatwaliwa kwa ajili ya mradi. Alifungua fundo la kanga, akapanga mezani risiti za kodi ya maendeleo za marehemu baba mkwe wake, moja moja, akizinyoosha kwa kiganja. Fidia hakuwa ametajiwa. Nilipomweleza kuwa Katiba inataka alipwe, aliniuliza hiyo Katiba inapatikana wapi. Mama huyu ataandikaje kiapo cha shauri la kikatiba? Atamlipa nani wakili? Asipokuwepo mwenye uwezo wa kusimama kwa niaba yake, haki yake itabaki ndani ya kitabu.

Wabunge wetu wa Hanang na Mbulu, rudisheni sheria ile bungeni na mfungue tena mlango. Walimu wa Uraia, fundisheni kesi ya Akonaay kabla ya ile ya Marbury. Na kila ofisi ya kijiji iwe na nakala ya Katiba ya Kiswahili juu ya meza, mahali ambapo mwananchi anaweza kuishika na kuisoma mwenyewe.