Si kila jino ni la kung'oa

Hapa Remera tumemzoea kijana anayetafunia upande mmoja. Mahindi ya kuchoma anayakataa, mishikaki anaitazama tu. Ukimwuliza, eti "jino tu, litapita." Halipiti. Mwisho linang'olewa, na hakuna aliyemwambia kama kulikuwa na njia nyingine.

Tunasema imetosha.

Maumivu ya kuuma chakula si ugonjwa mmoja. Yakichoma ghafla unapouma au unapoachia, huenda jino lina ufa. Likiwa na tundu, pengine uozo umefika kwenye neva. Kama lilizibwa juzi, labda kizibo kimezidi kimo kidogo na kinataka kusawazishwa tu. Fizi ikivimba na kutoa usaha, kuna maambukizi. Ndiyo maana tiba nazo ni nyingi: kuziba, kusafisha mzizi, kuvisha jino kofia, na kung'oa.

Mwenye pesa anaulizwa, "Tuliokoe?" Sisi tunaambiwa, "Fungua mdomo." Mwenzetu wa miaka 19 aling'olewa gego bila hata kupigwa picha. Tunajua kuna wakati kung'oa ndiyo dawa. Tunachokataa ni koleo kuwa jibu la kwanza kwa sababu mgonjwa ni mkimbizi.

Ninyi wa mashirika, mwaka 2019 wakimbizi wa mjini tulifunguliwa mlango wa Mutuelle. Kwa hilo asanteni, kweli. Lakini kadi haisemi tiba ipi ya jino inalipiwa na ipi tutajitegemea. Tuandikieni hayo kwa Kiswahili, tuyabandike ukutani. Shirika la Afya Duniani liliweka dawa ya meno yenye floraidi na saruji ya kuzibia meno kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Basi msituambie meno ni anasa. Fulana za semina tunazo za kutosha.

Na sisi vijana tusijitoe lawamani. Karafuu inatuliza, haitibu. Vidonge vitatu vya amoksilini kutoka kwa jirani havizibi tundu. Nenda kituo cha afya mapema, omba transferi ikihitajika, na kabla hujafungua mdomo uliza: "Daktari, jino lina nini? Linaokoleka? Bei gani?" Uso ukivimba, homa ikipanda au ukishindwa kumeza, usilale nyumbani, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuuliza si utovu wa adabu. Jino ni lako, na likitoka halirudi.