Makipa watano, msimu mmoja: Lango la Simba linaifundisha nini Taifa Stars?

Tangu Polisi Tanzania iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2022/23, Moshi haina timu yake Ligi Kuu. Wengi wetu, kuanzia Rombo hadi Machame, tunaifuata ligi kwa redio na simu. Redioni jina la mshambuliaji hutajwa mara nyingi kuliko jina la kipa. Kipa husikika zaidi akishafungwa. Leo tuanze na yeye, kwa sababu mwaka 2027 Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, itaandaa AFCON, na swali la nani atasimama golini linatuhusu sote.

Mfano ulio wazi ni Simba ya msimu wa 2023/24. Kwa miaka mingi lango hilo lilikuwa la Aishi Manula, aliyetoka Azam mwaka 2017 na kuwa sehemu ya kikosi kilichotwaa ubingwa mara nne mfululizo. Mwaka 2023 akaumia na kukaa nje kwa miezi. Klabu ikamsajili Mbrazili Jefferson Luis, naye akaumia kambini Uturuki kabla msimu haujaanza, akaachwa. Nafasi yake akaletwa Mmorocco Ayoub Lakred. Hussein Abel naye alikuwa amesajiliwa, na kijana Ally Salim alikuwepo tangu awali. Hesabu majina: ni makipa watano ndani ya msimu mmoja.

Tarehe 13 Agosti 2023, pale Mkwakwani Tanga, Simba na Yanga zilimaliza fainali ya Ngao ya Jamii bila bao. Ally Salim akaokoa penalti tatu na Simba ikabeba ngao. Siku hiyo wengi walidhani kipa wa kesho amepatikana.

Haikuwa hivyo. Tarehe 5 Novemba, kwenye Dabi ya Kariakoo, aliyesimama golini alikuwa Manula, ndiyo kwanza anarudi kutoka kwenye majeraha. Simba ikafungwa 5-1. Kocha Robertinho akaondolewa ndani ya siku chache, na kocha wa makipa, Daniel Cadena, akawa miongoni mwa walioshika timu kwa muda. Alipokuja Abdelhak Benchikha, Lakred ndiye aliyekuwa kipa wa kwanza.

Tuseme ukweli: mabao matano hayamwangukii kipa peke yake. Mabeki walipitwa, na kiungo kilizidiwa. Lakini kipa aliyekaa nje kwa miezi anahitaji mechi za kumrudisha taratibu. Macho yake yanapaswa kuzoea tena kasi ya mpira, na mabeki wanapaswa kuizoea tena sauti yake. Dabi si mahali pa kuanzia zoezi hilo.

Hapa tujifunze kutoka mchezo usiozoeleka sana kwetu. Kwenye beziboli ya Marekani timu hucheza mechi 162 kwa msimu wa kawaida, na kikosi huruhusiwa kuwa na warushaji mpaka 13. Anayeanza mechi leo hupumzika siku nne au tano, mwenzake anapokea kazi. Hakuna anayeona aibu kubadilishwa, maana kazi yenyewe imepangwa kugawanywa. Kwenye soka, ligi yetu ina mechi 30 na lango ni moja. Mshambuliaji wa akiba hupata dakika 20 za mwisho, lakini kipa wa akiba anaweza kumaliza msimu mzima hajagusa mpira wa mashindano. Ndiyo maana siku akiitwa ghafla, tunamwona anatetemeka na kusema hafai.

Simba ilimaliza msimu huo nafasi ya tatu. Ililingana na Azam kwa pointi 69, lakini Azam ikaizidi kwa tofauti ya mabao. Kwa hiyo Azam ikaenda Ligi ya Mabingwa na Simba ikaenda Kombe la Shirikisho. Ligi ikiamuliwa kwa tofauti ya mabao, kila bao la kizembe lina bei yake.

Msimu uliofuata Lakred naye akaumia kwenye maandalizi, na Simba ikamleta Moussa Camara kutoka Horoya ya Guinea. Safari hii kipa mmoja alipewa lango na kuachiwa. Camara alifanya makosa yake, na yalionekana, lakini hakutolewa kila alipokosea. Simba ikafika fainali ya Shirikisho mwaka 2025 na kufungwa na RS Berkane. Kwenye ligi ikawa ya pili.

Kwa klabu, huo ni uamuzi mzuri. Kwa taifa hesabu ni nyingine. Msimu huo makipa wa kwanza wa timu tatu kubwa walikuwa Camara wa Guinea pale Simba, Djigui Diarra wa Mali pale Yanga, na Mohamed Mustafa wa Sudan pale Azam. Kanuni zinaruhusu klabu kusajili wageni 12, kwa hiyo hakuna aliyevunja sheria. Lakini Manula, kipa wa Stars wa miaka mingi, alikaa benchi mpaka akarudi Azam mwaka 2025.

Jibu lilionekana kwenye CHAN ya Agosti 2025, iliyochezwa hapa nyumbani, Kenya na Uganda. Kipa wa Stars alikuwa Yakoub Suleiman, aliyetoka JKT Tanzania, timu ambako alikuwa anacheza. Stars iliruhusu mabao mawili katika mechi tano na kutolewa na Morocco robo fainali kwa 1-0. Baada ya hapo Simba ikamsajili.

Kwa maoni yetu, kuwafungia milango makipa wa kigeni si dawa, kwa sababu vijana wetu wanajifunza kwao. Dawa ni dakika za kucheza. Kipa wa Kitanzania mwenye miaka 22 afadhali akopeshwe timu ndogo acheze mechi 25 kuliko kuvaa jezi ya timu kubwa na kupasha misuli tu. Kombe la Shirikisho la TFF na Kombe la Mapinduzi pia yana nafasi kwake.

Kwa hiyo, msikilizaji wetu, dirisha la usajili likifunguliwa usiulize tu timu yako imemleta nani. Uliza pia kipa wake wa pili amecheza mechi ngapi. Huenda huyo ndiye tutakayemhitaji mwaka 2027.